Makadirio ya fundi na ndoo tatu za rangi

Ndugu msomaji, leo naomba tuzungumze habari za kuta.

Mwaka jana mwezi wa sita, baada ya misa ya kwanza, mama mmoja mjane wa parokia yetu, huku pembezoni mwa Dar es Salaam, alinisubiri nje ya sakristia akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilidhani ni nia ya misa. Kumbe yalikuwa makadirio ya fundi. Marehemu mume wake alimwachia nyumba yenye vyumba viwili vya kupangisha upande wa uani, na vyote viwili vilikuwa vitupu tangu masika. Wapangaji waliondoka kwa sababu lipu ilikuwa ikimomonyoka, kuta zinatoka chumvi, na mtoto wao hakuacha kukohoa. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo ada ya binti yake aliye chuo cha uuguzi, na chuo kilikuwa kinafunguliwa mwezi wa kumi.

Karatasi ilisema shilingi 1,380,000. Mama alikuwa na 800,000, mgao wake wa VICOBA. Alitaka kujua kama parokia inaweza kumkopesha zilizopungua. Parokia haikuwa nazo. Nilimwomba aniachie ile karatasi kwa siku mbili.

Yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, sura ya 14, anayeketi kwanza akahesabu gharama, huwa tunamhubiri kama mfano wa ufuasi. Ni sawa. Lakini kabla hajawa mfano wa kitu chochote, alikuwa mtu mwenye ujenzi mbele yake na fedha isiyotosha, kama huyu mama. Basi nikachukua tepu ya kupimia nikaenda uani kwake.

Kila chumba kilikuwa na urefu wa mita 3.5, upana wa mita 3, na kuta za kimo cha mita 2.7. Ukizunguka kuta zote nne unapata mita 13; zidisha kwa kimo, ni mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, zinabaki 31 hivi. Rangi ya maji ya kawaida, kwenye ukuta uliolainishwa vizuri, lita moja hufunika kama mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, na mara nyingi kiasi hicho kimeandikwa kwenye ndoo yenyewe, ingawa hakuna anayekisoma. Kwa mikono miwili chumba kinataka lita 6 hivi. Vyumba viwili, lita 12 au 13. Karatasi ilikuwa imeandika ndoo tatu za lita 20.

Usikimbilie kusema fundi ni mwizi. Nilimpigia simu nikamuuliza. Akanijibu kwamba ukuta mbovu hunywa rangi, na kwamba rangi ya kuchanganywa dukani ukiirudia mara ya pili haifanani na ile ya kwanza, kwa hiyo yeye huogopa kuishiwa katikati ya kazi. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo, alipopigiwa hesabu ya mita za mraba, alikubali mwenyewe kuwa ndoo moja inatosha na kubaki. Hakuwa amepima. Alikuwa amesimama mlangoni akakisia, kama wanavyokisia wengi, na makisio ya mlangoni siku zote huegemea upande wa wingi.

Tulipofika kwenye fedha ya ufundi, baba mmoja wa jumuiya, mstaafu, alitoa ushauri wake: fundi akatwe nusu, akikataa atafutwe mwingine, vijana wenye njaa ya kazi wamejaa kijiweni. Nilimkatalia, na siku ile nilikuwa mkali kidogo. Ujira wa kibarua uliopunjwa ni jambo ambalo Mtume Yakobo analisema kwa maneno mazito, na waamini wenzangu tunaolia kwamba maisha ni magumu ndio tunaokuwa wa kwanza kumlia fundi elfu kumi yake. Isitoshe, fundi aliyekatwa nusu hukufanyia kazi nusu. Atapunguza saruji kwenye mchanganyiko, na wewe hutajua mpaka mvua inyeshe.

Kuna njia nyingine, na ndiyo tuliyoifuata: gawa kazi yenyewe. Ukiitazama kazi ya kukarabati chumba, sehemu kubwa ni ya saidia fundi. Kubomoa lipu iliyooza, kubeba kifusi, kuchekecha mchanga, kuteka maji, kumwagilia ukuta, kupiga msasa, kupaka rangi, kufagia. Hayo hayahitaji cheti. Yanahitaji mgongo na subira. Kupiga lipu inyooke, hilo ni la fundi mwashi, alipwe siku zake kwa bei yake. Fundi wetu alipoelezwa hivyo hakununa hata kidogo. Alisema heri aje siku nne apige lipu tu, kuliko kukaa wiki tatu akisimamia vijana wa kubeba kifusi.

Hapa lazima niungame kosa langu, maana sikujifunza haya kitabuni. Seminarini tulikuwa na saa za kazi za mikono kila alasiri: tulilima, tulipaka chokaa, tuliziba mabomba. Tulikariri pia kwamba lile neno la Kigiriki analoitwa Yesu na watu wa kwao, tekton, halimhusu fundi wa mbao peke yake, linamfaa na mjenzi. Nikatoka huko nikiamini kwamba ukuta hauwezi kunishinda. Miaka michache iliyopita nikaamua kupaka rangi ofisi yangu mwenyewe, mwezi wa nne, masika yamekolea. Ukuta ulikuwa na madoa meupe kama unga. Niliyafuta kwa kitambaa chenye maji, yakapotea, nikapaka mikono miwili ya rangi nzuri ya gharama. Kufikia Julai rangi ilikuwa imetoa malengelenge. Siku ya kipaimara Askofu aliketishwa chini ya ukuta huo kunywa chai, na kipande cha rangi kikamdondokea begani. Alikipangusa bila kusema neno. Lingekuwa afadhali angesema.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba yale madoa meupe ni chumvi, na chumvi haina miguu. Inabebwa na maji. Huku kwetu pwani inatoka kwenye mchanga ambao haukuwa safi, kwenye maji ya kisima cha chumvi yaliyochanganyia lipu, au ardhini kwenyewe pale msingi ulipojengwa bila kuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu. Maji hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki, inaisukuma rangi kwa nje. Mimi kwa kupangusa na kitambaa chenye maji niliiyeyusha nikairudisha ndani, kisha nikaifunikia mlango. Chumvi hupigwa brashi ngumu ikiwa kavu, inafagiwa, inatupwa nje.

Kwa hiyo kwenye nyumba ya mama hatukuanza na rangi. Tulianza kwa kubandika ukutani kipande cha nailoni cha ukubwa wa daftari, gundi ya karatasi pande zote nne, tukakiacha siku mbili. Matone yakionekana upande wa nailoni unaotazama ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni jasho la chumba, na dawa yake ni kufungua madirisha. Ya kwetu yalikuwa upande wa ndani. Tukazunguka nyuma ya nyumba na sababu ikaonekana bila darubini: paa halikuwa na gata, maji ya mvua ya miaka yote yalishukia mguuni mwa ukuta, na juu yake kulikuwa na rundo la udongo wa shimo la choo lililoegemea ukuta mpaka usawa wa magoti. Makadirio ya fundi hayakuwa na gata wala kuondoa udongo. Yaani mama angetumia shilingi 1,380,000, na baada ya masika mawili angerudi pale pale.

Jumamosi ya kwanza vijana wa jumuiya waliondoa udongo na kubomoa lipu yote iliyolia tupu ilipogongwa, na nusu mita zaidi juu ya pale alama ya unyevu ilipoishia. Niliwataka wafunge barakoa. Mahali rangi ilikuwa ya zamani sana tuliilowesha kwanza kabla ya kuikwangua, kwa kuwa rangi za miaka hiyo huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni baya kwa watoto. (Na wewe mwenye nyumba ya zamani iliyoezekwa asbesto: usiiguse, usiikate, usiisugue. Tafuta wanaojua kuiondoa.) Kisha tukaiacha kuta zipigwe na upepo wa kiangazi zaidi ya wiki mbili. Kungoja huko kulikuwa kazi ngumu kuliko kubomoa. Kila siku mama aliniuliza, Baba, lini?

Fundi akaja siku zake nne. Mchanga ulikuwa wa mtoni, maji ya bomba, saruji ile iliyoandikwa 32.5 ambayo inatosha kwa lipu; ile ya 42.5 ina bei zaidi na kazi yake hasa ni nguzo na zege. Baada ya hapo mama na binti yake walimwagilia ukuta asubuhi na jioni kwa siku saba. Wengi hudhani saruji inakuwa ngumu kwa kukauka. Inakuwa ngumu kwa kukutana na maji, na ikikaushwa haraka na jua inapasuka. Zikapita wiki nne ndipo rola ikagusa ukuta.

Umeme hatukuugusa. Kijana mmoja alijitolea kuhamisha swichi mbili, na alikuwa na nia njema kabisa. Nilikataa. Nimeongoza maziko ya baba wa watoto watatu aliyekuwa akitengeneza taa ya bafuni kwake, ili kuokoa fedha ya fundi. Kazi hiyo ni ya mtu mwenye leseni ya EWURA, na kumwomba akuonyeshe leseni hiyo si kumvunjia heshima. Vivyo hivyo kupanda juu ya bati: aliyefunga gata alikuwa fundi, na alilipwa.

Kitu kimoja nusura kituharibie hesabu yote. Ni pilau. Jumamosi ya kwanza mama alipikia watu kumi na wanne, na jioni nilipomuuliza nikagundua kuwa chakula na soda vilikaribia malipo ya fundi ya siku mbili. Alikuwa anaona aibu watu wamfanyie kazi wakae na njaa, na nani hamwelewi? Jumamosi iliyofuata mwenyekiti wa jumuiya alitangaza kila mtu aje na chake, na mama akaruhusiwa chai tu. Walikuja tisa. Sitaki kujua wale watano walikuwa wamefuata nini.

Nisikudanganye kuhusu muda. Kazi ambayo fundi aliiandikia wiki tatu ilituchukua mpaka mwisho wa Agosti. Pembe moja ya chumba cha pili rangi haikunyooka, ukisimama mlangoni unaona mawimbi. Mfuko mmoja wa saruji ulilowa kwa uzembe wetu, tukautupa. Lakini gata lipo, udongo umeondoka, fundi mwashi na fundi umeme walilipwa walichotaja, na mama alibakiwa na shilingi 11,000 mkononi bila deni la mtu.

Mpangaji wa kwanza, mwalimu, aliingia Septemba. Chumba cha pili kilikaa kitupu mpaka Novemba, hivyo ada ilipelekwa nusu, na nusu ya pili chuo kikakubali kuisubiri. Masika ya mwaka huu nilipita pale mara tatu, nikibandika nailoni yangu ukutani kama daktari anayempima mgonjwa. Ilikaa kavu.

Mwezi uliopita mama alinisubiri tena nje ya sakristia. Safari hii alikuwa na ndoo ya rangi iliyobaki, lita nne hivi, akauliza kama itafaa kwa geti la parokia. Nikamweleza kuwa rangi ya maji haikai kwenye chuma.

Akafikiri kidogo. "Basi, Baba, itafaa ofisini kwako. Pale alipokaa Askofu."