Lenzi Inayogeuka Mbele ya Shituru

Shituru, kiwanda cha shaba ambacho kampuni ya Union Minière ilikianzisha Likasi, Katanga, nchini Kongo, mwaka 1929, hakienei katika picha ya kawaida. Mabomba ya moshi, majengo ya mabati, marundo ya mabaki ya madini na reli vimetandaa kuliko jicho la kamera. Ukirudi nyuma, vyote vinakuwa vidogo mno. Ukifunga lenzi pana sana, vya pembeni vinavutika na vya mbali vinadidimia. Kwa mahali kama hapa bado naiamini kamera ya filamu ambayo lenzi yake inageuka.

Mojawapo inayojulikana sana ni Horizont, iliyotengenezwa Krasnogorsk, Muungano wa Kisovieti, kati ya 1967 na 1973. Lenzi yake ni ya milimita 28 tu, lakini inapogeuka inazoa nyuzi 120. Widelux ya Japani inafika 140. Ndani, filamu ya milimita 35 hailali bapa; imepinda kuufuata mzunguko wa lenzi, na nyuma ya lenzi kuna mwanya mwembamba unaopitisha mwanga kipande kwa kipande. Kila picha ya Horizont inapata urefu wa milimita 58, kwa hiyo filamu ya picha 36 inatoa 22 hivi.

Hapo ndipo ilipo siri ya kuitumia: picha haipigwi kwa mara moja. Tuseme mwanya una upana wa milimita 2 na umechagua kasi ya sehemu moja ya 60 ya sekunde. Kila nukta ya filamu inapata mwanga kwa muda huo mfupi, lakini mwanya unahitaji karibu nusu sekunde kumaliza safari yake. Ukingo mmoja wa picha ni mkubwa kwa umri kuliko mwingine. Pikipiki inayokwenda upande uleule wa lenzi itarefuka. Inayokuja kinyume itafupika. Kwa hiyo, kabla ya kuweka filamu, achia lenzi mara kadhaa kamera ikiwa tupu, ujue inaelekea wapi na usikilize kama inakwenda kwa mwendo mmoja. Ikisitasita, picha itakuwa na mistari ya wima, myeupe na myeusi, ambayo hakuna dawa ya kuiondoa. Grisi iliyokauka na vumbi la kiangazi ndio wakosaji wa kawaida.

Mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliunganisha nyakati kwa njia nyingine katika mfululizo wake wa Mémoire wa mwaka 2006: alibandika wafanyakazi na wakoloni wa picha za zamani juu ya picha pana za viwanda vya Katanga vilivyochakaa. Yeye alivuka miongo. Lenzi inayogeuka inavuka nusu sekunde. Hata hivyo njia zote mbili zinamlazimu mtazamaji kusafirisha macho toka upande mmoja hadi mwingine, na kiwanda kinastahili kutazamwa hivyo.

Kamera ishikwe sawasawa, pasipo mzaha. Mstari wa upeo unaopita katikati ya picha unabaki umenyooka. Ukiinamisha kamera, upeo unapinda kama bakuli lililopinduliwa. Fuata kipovu cha pimamaji kilicho kwenye kitafutio. Ukuta mrefu unaokukabili nao utavimba katikati, hata kamera ikiwa sawa. Simama kwenye kona yake, kuta mbili zikikimbia kila moja upande wake, na mpindo hautakusumbua. Vidole vikae nyuma ya kamera, maana lenzi inaona hadi pembeni kabisa.

Kipima mwanga hakimo. Kuanzia Mei hadi Septemba jua la adhuhuri la Likasi liko kaskazini, kwa hiyo ukielekea kusini mwanga unagawanyika vizuri. Ukishindwa kuelekea huko, pima kivuli unachotaka kionekane na uiachie filamu ya negativu ibebe ukali wa upande wa pili. Na omba ruhusa kwanza: migodi, madaraja na stesheni havipigwi picha kiholela.

Filamu ikishatoka kwenye dawa, fundi wa maabara ataikata kwa kuhesabu picha za milimita 38 kwa mazoea yake, na mkasi utapita katikati ya Shituru yako. Mwandikie kwenye bahasha kwamba aisafishe tu, akuachie filamu nzima.