Kamera ya kwanza ya uwanjani: Tazama saa ya mechi kabla ya urefu wa lenzi

DAKIKA ya 88, ubao unasoma 0-0. Krosi inashuka kutoka kulia, straika anapaa juu ya mabeki wawili, anapiga kichwa, nyavu zinatikisika. Nyuma ya goli, kijana mwenye kamera mpya amebonyeza kwa wakati. Kona aliyokaa ni nzuri na lenzi yake inavuta hadi jasho la mfungaji linaonekana. Anageuza kamera kutazama kioo: straika ni kivuli chenye jezi, mpira umekuwa mstari mweupe.

Kijana huyo hakukosea kubonyeza. Alikosea siku ya kununua.

Vijana wa namna hii sasa wapo kila uwanja, kuanzia ndondo za mtaani hadi mechi za mikoani. Wengi wamevunja kibubu, wengine wamepokea zamu yao ya mchezo, wengine wameuza simu. Mkwanja huo haupatikani mara mbili kwa mwaka. Ukiishia kwenye lenzi isiyofaa, ndoto ya kupiga picha za soka inageuka kuwa kazi ya kusubiri harusi za Jumamosi.

Kosa kubwa linajulikana. Mnunuzi anaingia dukani na swali moja tu: "Hii inavuta mpaka wapi?" Swali la kwanza lilipaswa kuwa jingine: mechi anazokwenda kupiga zinachezwa saa ngapi?

GIZA NDIYO BEKI NGUMU

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni, kutegemea mwezi. Mechi inayoanza saa 10:00 jioni inamalizika karibu na saa 12:00. Maana yake kipindi cha pili, ambacho mabao mengi ya kuamua mechi hufungwa, kinachezwa mwanga ukiwa unakimbia. Uwanja wenye jukwaa kubwa upande wa magharibi ndiyo balaa zaidi, kwa sababu kivuli kinaingia mapema na kukata uwanja vipande viwili.

Kamera inapokosa mwanga hufanya jambo moja la kujiokoa: inaacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi. Kwa picha ya jengo hakuna shida. Kwa winga anayekimbia mita 8 kwa sekunde, shida ipo. Shata ikiwa 1/60 ya sekunde, mchezaji huyo anasogea sentimita 13 wakati picha moja inapigwa. Ikiwa 1/1000, anasogea chini ya sentimita moja. Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa unasafiri karibu nusu mita ndani ya hiyo 1/60. Ndiyo maana wapiga picha za soka hujitahidi wasishuke chini ya 1/1000, na wakibanwa sana, 1/500.

Kasi hiyo inahitaji mwanga mwingi, na mlango wa mwanga upo kwenye lenzi.

NAMBA MBILI ZA LENZI

Kila lenzi imeandikwa namba za aina mbili. Ya kwanza ni milimita, mfano 18-55mm au 70-200mm. Hiyo inaeleza lenzi inavuta kiasi gani. Ya pili huanza na herufi f, mfano f/2.8 au f/5.6. Hiyo inaeleza ukubwa wa tundu linaloingiza mwanga. Hapa wengi hupotea, kwa sababu hesabu yake imegeuzwa: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.

Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya ule wa f/5.6. Kwa lugha ya uwanjani, jioni ambayo lenzi ya f/5.6 inakulazimisha ushuke hadi 1/250, lenzi ya f/2.8 inakupa 1/1000 bila kubadilisha kitu kingine chochote. Ya f/1.8 inakwenda mbali zaidi. Mwanga wake ni karibu mara kumi ya ule wa f/5.6.

Njia nyingine ni kupandisha ISO, yaani kuifanya kamera iwe nyepesi kuhisi mwanga. Inasaidia, lakini ina bei yake. Kwenye bodi za daraja la kuanzia, ISO ikipanda sana picha inajaa chengachenga na sura za wachezaji zinapoteza ubora.

LENZI IPI IANZE?

Bodi nyingi za kuanzia huuzwa pamoja na lenzi ya 18-55mm. Isitupwe. Hiyo ndiyo ya picha ya timu kabla ya mechi, mashabiki jukwaani na kocha akihojiwa. Lakini kwa mchezaji aliye mita 30 haina lolote.

Kwa anayeanzia mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, au ligi za mchana, hatua inayofuata ni lenzi ndefu ya bei nafuu: 55-250mm kwa Canon, au 70-300mm kwa Nikon. Jua la saa 8 mchana linatosha kabisa kwa f/5.6, na picha zinatoka freshi. Lenzi hizo ni nyepesi na mtumba wake ni mwingi.

Kwa anayepiga mechi za jioni, ngumi za ukumbini au kikapu chini ya taa, lenzi hiyo hiyo ni kilio. Hapo chaguo la mwenye mfuko mdogo ni lenzi isiyovuta yenye tundu kubwa: 50mm f/1.8 au 85mm f/1.8. Wengi huzidharau kwa sababu ni fupi. Lakini bodi za kuanzia zina sensa ndogo inayobana picha, kwa hiyo 85mm kwenye bodi ya Canon ya aina hiyo inaona kama 136mm.

Twende uwanjani. Mpiga picha aliyekaa nyuma ya mstari wa goli, akimlenga mchezaji aliye mita 20, kwa 85mm anapata fremu yenye upana wa mita 5 hivi na urefu wa mita 3.5. Mfungaji na beki wake wanaingia vizuri, na eneo la hatari lenyewe lina kina cha mita 16.5 tu. Kinachotakiwa ni kukubali kwamba upande wa pili wa uwanja si wake. Asubiri mpira uje kwake, kama straika anavyosubiri krosi.

Baada ya hapo ndipo inakuja lenzi ambayo kila mmoja anaitamani: 70-200mm f/2.8. Kwa 200mm, mchezaji aliye karibu na mstari wa katikati bado anapatikana. Mpya ni ghali, na uzito wake unafikia karibu kilo moja na nusu. Matoleo ya zamani ya Sigma na Tamron hupatikana mtumba kwa unafuu. Zile ndefu nene nyeupe zinazoonekana kwa wapiga picha wa mashirika makubwa, mfano 400mm f/2.8, ziachwe kwanza. Bei yake inanunua gari la mtumba.

BODI CHAKAVU, LENZI KALI

Ukiwa na bajeti moja, bodi ya mtumba na lenzi nzuri itaifunga bodi mpya yenye lenzi dhaifu. Na sokoni hali inamsaidia mnunuzi. Tangu mwaka 2018 Canon na Nikon zimeelekeza nguvu kwenye kamera zisizo na kioo ndani, na wataalamu wengi wanauza DSLR zao. Lenzi za Canon za EF, mfumo ulioanza mwaka 1987, bado zinafanya kazi kwenye kamera mpya za kampuni hiyo kwa kutumia kiunganishi. Bodi itabadilishwa, lenzi itabaki.

Lakini mtumba una mitego yake. Bodi za Nikon za D3000 na D5000, pamoja na ndugu zao wa mfululizo huo, hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi ya zamani isiyo na mota yake itaingia, itafunga, na haitafokasi yenyewe. Mnunuzi atafute maandishi AF-S. Zenye AF-P nazo zijaribiwe kwenye bodi husika, maana Nikon kadhaa za zamani hazielewani nazo. Kwa Canon, lenzi za EF-S ni za bodi zenye sensa ndogo pekee.

Mtego wa pili ni ukungu. Joto na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa huotesha kuvu ndani ya vioo. Dawa ni kumulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma na kuchungulia upande wa mbele. Zikionekana nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, irudishwe hapo hapo. Vumbi kidogo halina neno.

Halafu lenzi iwekwe kwenye bodi, picha zipigwe palepale dukani, za karibu na za mbali, tundu likiwa wazi kabisa. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwishajibu swali.

VIFAA: CHA LAZIMA NA CHA SIFA

Memori kadi mbili za GB 32 ni salama kuliko moja ya GB 128; moja ikigoma, nusu ya mechi imebaki. Kadi feki ni nyingi, hivyo ijazwe yote nyumbani na picha zifunguliwe kabla ya kwenda nayo kazini.

Betri ya pili ni lazima. Kisomea kadi cha kuchomeka kwenye simu nacho ni lazima, kwa sababu picha ya bao inayotumwa mapumziko ina thamani kuliko ile inayotumwa saa 4 usiku.

Kofia ya lenzi, ile ya plastiki ya mbele, inazuia jua la jioni na kupokea kipigo mpira ukija. Kofia ya kuogea ya plastiki inatosha kufunika kamera manyunyu yakianza. Nyumbani, vifaa vikae kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Mchele usitumike, una vumbi.

Stendi ya mguu mmoja inunuliwe siku lenzi nzito itakapokuja. Ya miguu mitatu ni usumbufu pembeni ya uwanja. Flashi haifiki kwa mchezaji wa mbali na inaweza kumkera kipa. Kile kipande cha kurefusha lenzi mara mbili kinakula robo tatu ya mwanga wote. Kwa lenzi ya f/5.6 jioni ni kujifunga bao mwenyewe.

Na kabla ya kununua lenzi ya pili, kuna ushauri wa bure uliopo ndani ya kamera. Kila picha inahifadhi milimita zilizotumika, kasi ya shata na saa iliyopigwa. Anayepitia picha zake za mechi kumi ataona wazi kama zilizoharibika ziliharibiwa na umbali au na giza. Mhariri wa picha hatauliza lenzi ilinunuliwa shilingi ngapi. Anatafuta uso, mpira na macho yaliyotulia kwenye fokasi.