Kitendawili Kwenye Simu: Fumbo la Haki Linatengenezwaje?



Baadhi yenu mnaocheza vitendawili ninavyoviweka mtandaoni kila Jumapili mmekuwa mkiniuliza maswali yanayofanana: mchezo unatengenezwaje, kwa nini hauna zawadi, kwa nini jibu fulani lilikataliwa. Mzee mmoja wa parokia aliniuliza, kwa upole kabisa, frateri anapata wapi muda wa michezo. Nitayajibu yote. Ila kwanza niseme kwamba watu wengi hudhani ugumu wa kazi hii uko kwenye kompyuta, na kwa kweli kompyuta ndiyo sehemu rahisi. Kutunga fumbo ambalo hakuna atakayelifumbua ni kazi ya dakika 5. Kutunga fumbo gumu ambalo mtu akiambiwa jibu anasema "ningeweza kulipata" huchukua wiki nzima.

Chukueni fumbo maarufu kuliko yote katika Biblia, lile la Samsoni katika Waamuzi sura ya 14. Kwenye karamu ya arusi yake anawategea vijana 30 wa Kifilisti kitendawili na kuwapa siku 7. Dau ni mavazi 30 ya kitani na mavazi 30 ya kubadili. Jibu linahusu asali aliyoikuta ndani ya mzoga wa simba aliyemuua yeye mwenyewe njiani, habari ambayo hakuwaambia hata baba yake na mama yake. Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya wale vijana. Hata wangepewa akili za Sulemani, hakuna njia inayotoka kwenye maneno ya fumbo kwenda kwenye jibu, kwa kuwa jibu liko kichwani mwa mtu mmoja tu. Wakafanya wanachofanya watu wote waliofungiwa mlango wa mbele: wakazunguka nyuma. Wakamtisha mke wake, naye akawapa jibu. Samsoni akashuka Ashkeloni, akaua watu 30 na kulipa deni kwa nguo zao. Mwalimu wetu wa Maandiko atasema mwandishi alikuwa na makusudi makubwa zaidi ya kutufundisha kutunga mafumbo, na ni kweli. Hata hivyo mtunzi wa mafumbo ana mengi ya kuokota hapo, na nitairudia habari hii tukifika kwenye fedha.

Aristoteli, katika sura ya 22 ya kitabu chake cha Ushairi, anasema kitendawili husema jambo la kweli kwa kuunganisha maneno ambayo kwa kawaida hayawezi kukaa pamoja. Anatoa mfano wa mtu aliyeonekana akigandisha shaba juu ya mwenzake kwa kutumia moto. Vijana wengi wa leo hawatapata. Lakini mpelekee babu wa Kwimba au Magu ambaye hajawahi kusikia jina la Aristoteli, atakujibu: huyo anaumikwa. Wagiriki waliumika kwa vikombe vya shaba, wazee wetu kwa pembe. Babu analo tayari jambo lenyewe, fumbo limempa tu sura ya ajabu ya kulitazama. Hiyo ndiyo tofauti na simba wa Samsoni.

Kwa hiyo haki ya fumbo inategemea pia anayelicheza ni nani. Nilitunga hiki: "Naujua mji usio na barabara, huonekana usiku wa giza, mwezi mpevu ukitoka hutoweka." Mtu aliyekulia Igombe au Ukerewe analijua jibu kabla hujamaliza kusema: ni taa za wavuvi wa dagaa, maana dagaa huvuliwa kwa mwanga, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi. Kabla ya kukiweka mtandaoni nilimpa frateri mwenzangu wa kutoka Songea akijaribu. Akafikiri kidogo, akasema: "Nyota." Na alikuwa sahihi! Nyota hazina barabara, huonekana usiku wa giza, na mwezi mpevu huzififisha. Kila neno lilikaa. Nikaongeza kipande kimoja: "asubuhi wakazi wake huuza kitoweo." Hapo nyota zikaondoka, na mtu wa Songea akapata pa kushika, kwani hata kama hajawahi kuona karabai ziwani anaweza kujiuliza kitoweo gani hupatikana usiku. Tangu siku hiyo kila fumbo hupita kwa watu wawili, mmoja wa kanda yetu na mmoja wa mbali.

Kanuni ninayoifuata ni hii: jibu likitosheleza kila neno la fumbo, ni jibu sahihi, hata kama mtunzi hakuliwaza. Zamani, vitendawili vikitegwa jioni, mtegaji ndiye alikuwa hakimu, lakini uliweza kubishana naye uso kwa uso. Simu haibishani. Ndiyo maana kuna kitufe cha "Nina hoja": ukiona jibu lako limekataliwa kwa uonevu, unaniandikia sababu. Hoja ikisimama, jibu linaongezwa kwenye orodha. Niseme ukweli, ujumbe huo ndio ninaoufurahia kuliko kitu kingine chochote katika mchezo huu, kwa sababu watu wanaodai "sina elimu ya hayo mambo" huniandikia hoja ambazo darasa letu la mantiki lingejivunia.

Tumerithi pia namna ya kukubali kushindwa. "Kitendawili!" "Tega!" Ukishindwa, unaambiwa "nipe mji", unatoa mji, kisha unapewa jibu. Nimeliweka hilo kwenye mchezo jinsi lilivyo. Mchezaji aliyechoka anaandika jina la mji, na jibu linafunguka. Wakubwa hutoa Dar es Salaam au Musoma, watoto hutoa Roma. Hakuna maneno mekundu ya "umekosa". Ametoa mji, amelipa, mambo yameisha.

Sasa kompyuta. Mchezo wote ni ukurasa mmoja wa tovuti wenye mafumbo na tarehe zake, na simu yako yenyewe huangalia leo ni tarehe ngapi na kuonyesha la wiki hii. Hakuna picha wala muziki. Ukishaufungua mara moja hujihifadhi kwenye simu, bando likiisha unaendelea. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hilo nalo ni suala la haki.

Tatizo ni kwamba ukurasa wa namna hii huenda mzima kwenye simu ya kila mchezaji, pamoja na majibu, na mjanja anaweza kuufungua ndani akayasoma. Kwa hiyo majibu husagwa. Ukipeleka mahindi mashineni unapata unga. Kwenye unga huwezi kurudisha punje. Lakini mahindi yale yale, kwenye mashine ile ile, hutoa unga ule ule. Mashine ninayotumia inaitwa SHA-256: neno lolote hutoka likiwa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ukurasa una unga tu. Ukiandika jibu, simu inalisaga na kulinganisha unga na unga. Mwenye kamusi nzima na ujuzi kidogo anaweza kusaga maneno yote moja moja mpaka lioane. Mwanafunzi wa sekondari akifika hapo, mimi namwacha, amejifunza zaidi ya aliyefumbua.

Mashine hiyo ina ukali wake: herufi moja ikibadilika, unga wote hubadilika. Kwa hiyo jibu huchekechwa kwanza. Herufi kubwa huwa ndogo, nafasi za ziada hutolewa, "mtumbwi" na "mitumbwi" hupokelewa sawa. Na kwa kuwa wengi wetu Kanda ya Ziwa huandika r na l jinsi tunavyozitamka, aliyeandika "kalabai" amepata. Mchezo huu si imla.

Kwa nini fumbo moja tu kwa wiki? Mnaujua mchezo wa Wordle. Josh Wardle, mtaalamu wa programu aliyekuwa akiishi New York, aliutengeneza kwa ajili ya mwenzi wake, kisha akaufungulia watu wote Oktoba 2021. Tarehe 1 Novemba ulikuwa na wachezaji 90. Miezi miwili baadaye walizidi 300,000, na Januari 2022 gazeti la New York Times likaununua. Alitoa neno moja kwa siku, lile lile kwa wote. Kwa kuwa wote mna fumbo moja, mnaweza kulizungumza. Mimi nimechukua wiki ili lizungumzwe baada ya Misa na kwenye jumuiya, na mwenye kitochi alisikie kwa jirani. Umbo lenyewe la Wordle sikulichukua. Karibu kila neno letu huishia na irabu, kwa hiyo herufi ya tano ina nafasi 5 tu na mchezaji anaanza akiwa amepewa nusu ya siri. Anayetaka wa Kiswahili apime kwa silabi: sa-ma-ki, ka-ra-ta.

Kuhusu zawadi. Vijana wawili walinishauri kila mchezaji atoe shilingi 500 na wa kwanza kufumbua achukue zote. Nilikataa. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi inayoisimamia, na mwanasheria anaweza kutueleza kama kufumbua fumbo ni kubahatisha au ni ujuzi. Katekisimu nayo, namba 2413, haisemi kila dau ni dhambi. Inasema halikubaliki linapomnyima mtu kile anachohitaji kwa mahitaji yake na ya wengine. Lakini sote tunaona mikeka inavyochanwa kila jioni kwenye vibanda, na nauli ya kesho ikiwa ndani yake. Isitoshe, fedha ikiingia, "Nina hoja" inakuwa kesi. Atakayepata jibu kwa dada yake atakuwa mwizi, wakati leo ni ndugu wawili wanaofikiri pamoja. Someni tena Samsoni: nguo ndizo zilizoufanya utani wa arusini uishie kwenye maiti 30.

Mafumbo yenyewe siwezi kuyachukua tu kwa wazee. "Nyumba yangu haina mlango" kila mtoto anajua ni yai, kwa hiyo hapo tunapima kumbukumbu. Hata hivyo wazee wanafundisha namna ya kutazama. Padre Donald Sybertz wa Maryknoll, akiwa Ndoleleji, Shinyanga, alikusanya pamoja na Wasukuma wenyewe methali na vitendawili vyao, na mwaka 1996 yeye na Padre Joseph Healey wakachapisha kitabu cha teolojia simulizi ya Kiafrika. Huko ndiko ninakojifunzia.

Na muda? Ratiba ya seminari hainipi simu kila saa, nami sidai. Mafumbo hutungwa likizo, yakapangwa kwa tarehe, na yanatoka yenyewe nikiwa kanisani. Kazi iliyobaki ni kusoma hoja na kuondoa yaliyokufa. Moja lilikuwa la kivuko cha Kigongo–Busisi: "hunibeba na gari langu, wala hakina magurudumu." Mwaka 2025 daraja la kilomita 3 lilifunguliwa hapo, nikalifuta. Kamanga bado kuna kivuko, kwa hiyo huenda likarudi limebadilishwa kidogo.