Mtungi Utoke Kwanza, Ndipo Nyundo Iingie

Mtu apitaye Kongowea siku hizi, akiliacha nyuma soko kuu la mboga na matunda na kuingia vichochoroni, haendi mbali kabla ya kukuta lundo la mchanga na kokoto mlangoni mwa nyumba. Kwani nyumba zetu za Kiswahili, zile za ukumbi mrefu katikati na vyumba kuume na kushoto, zinafanyiwa ukarabati kwa bidii, na jiko lililokuwa uani linaingizwa ndani, linapigwa vigae na kutiwa sinki. Ni jambo la kheri. Walakini katika hesabu za saruji, nondo na ujira wa mafundi, aghalabu husahauliwa jiko la gesi na mtungi wake, ambavyo siku ya kazi husukumwa chumba cha pili, vikafunikwa gunia visiingie vumbi, mpira ungali umeviunganisha, na nyundo ikaanza. Nasema bila kusita kwamba kazi ya kwanza, kabla ya tofali moja kuguswa, ni kuitenga gesi na kuitoa nje ya nyumba.

Sababu yake imo katika tabia ya gesi yenyewe. Hii tuitumiayo, ambayo huja kwa meli na kushushwa katika matangi ya Miritini, ni propani na butani zilizoshindiliwa hata zikawa maji ndani ya mtungi, na maji hayo yakipata upenyo hugeuka mvuke unaojaza nafasi kubwa kuliko yao kwa kadiri ya mara 250. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini ukatokea kwenye matundu, bali hutambaa sakafuni, ukaingia chini ya vitanda, ukateremka mtaroni, ukakaa. Ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha sehemu 2 tu katika 100, cheche moja yatosha. Na siku ya ukarabati cheche hazitafutwi: fundi wa vigae ana grenda, wa madirisha anachomelea vyuma, wa stima anaunganisha nyaya, na wa rangi huenda akawasha sigara.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas huko Marekani, gesi ya bomba isiyo na harufu ilivuja ikajaa chini ya shule, na mwalimu wa ufundi alipowasha mashine ya kupigia msasa jengo lililipuka, wakafa watu wapatao 300, wengi wao watoto. Baada ya msiba ule sheria ya Texas iliamrisha gesi itiwe dawa ya kunuka, na desturi hiyo ikaenea. Uvundo tuusikiao jikoni umewekwa makusudi ili utuonye. Lakini siku ambayo nyumba imejaa vumbi la chokaa, rangi mbichi na tina, pua haiusikii vyema, na onyo hupotea wakati ule ule linapohitajiwa.

Kuitenga gesi si kazi ngumu, ila ina utaratibu. Washa kichomeo kimoja, kisha ifunge gesi pale mtungini penye regulata, uuache moto ufifie na kuzimika wenyewe. Hapo gesi iliyobaki katika mpira imekwisha kuungua, haitamwagika chumbani. Funga vitasa vyote vya jiko, na ikiwa linawashwa kwa umeme, chomoa plagi. Ndipo uiondoe regulata: utasikia mvumo mfupi, halafu kimya, maana vali ya mtungi hujifunga. Mvumo usiponyamaza, irudishe regulata mahali pake, utoe mtungi uwanjani, umrudishie aliyekuuzia. Ile meko ndogo ya kilo 6 haina mpira; funga kitasa chake, ungoje kichomeo kipoe, na ukifungulie nje.

Hapo mpira umo mkononi mwako, nao wastahili kutazamwa. Ukunje karibu na klipu, mahali ambapo joto la jiko na mafuta ya kukaangia hufika, na nyufa nyembamba zitajifunua ambazo mpira ulionyooka huzificha. Klipu nayo, katika hewa hii yetu ya chumvi, huliwa na kutu upande wa chini, usioonekana mpaka uigeuze.

Mtungi ukae nje, kivulini, penye upepo, mbali na mtaro na shimo lolote, nao usimame wima. Ukilazwa, maji ya gesi huifikia vali. Wala asikudanganye mtu kwamba mtungi uliokwisha hauna dhara, kwani mvuke husalia ndani yake.

Nyumba za kupangisha zina mashaka ya pekee, na hapa ndipo moyo wangu unapoelemea. Mwenye nyumba hukarabati chumba kimoja, ilhali kila mpangaji ana meko yake chini ya meza, na ukuta wa katikati haufiki darini. Ni haki ya wapangaji kupewa habari mapema, waonyeshwe pahali salama pa kuweka mitungi yao, na kazi ya moto isianze mpaka wa mwisho ametoa wake. Na palipo na bomba la gesi ukutani, kama katika baadhi ya maghorofa mapya, asiliguse fundi wa vigae; aitwe mwenye leseni, na mdomo wa bomba uzibwe kwa kizibo cha chuma, si kwa tambara wala utepe, hata kama vali imefungwa.

Ikiwa uvundo umesikika katikati ya kazi, swichi zisiguswe, si kuwasha wala kuzima. Milango ifunguliwe, watu watoke, na simu ya 999 ipigwe kutoka nje.

Kazi ikiisha, vigae vikauke na rangi ipungue harufu kabla mtungi haujarudi. Utie mpira mpya na klipu mpya, ufungue gesi ilhali vitasa vya jiko vimefungwa, upake povu zito la sabuni kila penye kiungo. Kikifura hata kiputo kimoja, funga, kaza, ujaribu tena, na kiberiti kisiguswe mpaka viungo vyote vimenyamaza.