Nahodha aliyepoteza meli akabaki na mizinga

Msomaji, ukipanda basi Kitui au Wote kwenda Mombasa, utapita Kibwezi na Mtito Andei kabla ya kufika pwani. Ukiwa huko, ingia Fort Jesus. Ndani ya ngome hiyo umo mzinga uliotoka katika manowari ya Kijerumani, Königsberg.

Nahodha wa meli hiyo alikuwa Max Looff, aliyezaliwa 1874. Aliifikisha Dar es Salaam Juni 1914, na vita vilipoanza Agosti mwaka huo, akaikamata meli ya mizigo ya Waingereza, City of Winchester. Alfajiri ya Septemba 20 aliivamia Unguja na kuizamisha manowari Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo.

Lakini mitambo ya Königsberg nayo ikaharibika. Looff akajificha katika mikoko ya Rufiji. Vyuma vilivyoharibika vikapelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu, vikivutwa na Waafrika, vikatengenezwa na kurudishwa. Hata hivyo hakutoka tena. Waingereza waliziba milango ya mto, na Julai 11, 1915, manowari Severn na Mersey, zikielekezwa na ndege, ziliipiga mpaka Looff akaamuru izamishwe.

Je, kazi yake iliishia hapo? La. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikatiwa magurudumu na kutumika nchi kavu. Mmoja ulipigana Kahe, karibu na Moshi, mwaka 1916. Baharia akawa askari wa porini chini ya Jenerali von Lettow-Vorbeck, hadi Novemba 1917 alipotekwa pamoja na wagonjwa na majeruhi kusini mwa Tanzania ya leo. Alirudi kwao, akaandika kuhusu meli yake, akafariki 1954.

Lakini ni nani aliyewabebea Waingereza chakula na risasi walipokuwa wakimfukuza adui huyo? Miongoni mwao walikuwa vijana wa Ukambani, waliochukuliwa kuwa wapagazi. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, wala si kwa risasi. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi umebeba jina la kikosi chao.

Looff ana vitabu na mzinga wa kumkumbusha. Wapagazi wengi hawana hata kaburi lenye jina. Basi, mwanafunzi, likizo hii ukifika kijijini, keti na nyanya yako umwulize: ni nani wa ukoo wetu aliyekwenda Kariokor, asirudi? Andika jina hilo daftarini kabla halijasahauliwa.