Bonasi ya chai inaingia kwa jina la nani?

Uzi 🧵 Msimu wa kampeni ukifika huku Sigowet, hakuna mgombea anayeshuka jukwaani kabla ya kutaja "kuinua akina mama". Anaahidi hazina, anaahidi mtaji kwa vyama, anapigiwa makofi. Mimi huwa nangoja aguse namba ya chai. Haguswi.

Kwa walio mbali na chai, nieleze kidogo. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA husajiliwa na kupewa namba. Majani yakipimwa kituoni, kilo zinaandikwa kwa namba hiyo. Malipo ya kwanza huja kila mwezi. Pesa kubwa, ile bonasi, huja mara moja kwa mwaka, kwa kawaida karibu mwezi wa kumi, baada ya kufunga hesabu za mwaka unaoisha Juni.

Zote zinaingia kwa akaunti ya mwenye namba. Nyumba nyingi, huyo ni baba. Anayeondoka na kikapu alfajiri, mara nyingi ni mama.

Tuseme shamba limetoa kilo 4,000 na bonasi ni shilingi 20 kwa kilo. Hiyo ni 80,000. Kama mwenye namba alishakopa 60,000 akitegemea bonasi hiyo, deni linakatwa kwanza, na riba juu. Mama aliyepanga karo ya Januari na cherehani ya pili ya kibanda chake anayajua hayo siku pesa zimeingia. Sasa huyu, semina ya kupanga bajeti itamsaidia nini? Bajeti ya pesa gani?

Kuna mtu atanijibu, "sheria inamlinda." Kiasi tu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza mke au mume kuuza, kukodisha au kuweka rehani mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Kwa shamba hiyo inasaidia. Lakini bonasi ikiwa ndani ya akaunti ya mtu mmoja, benki haina sababu ya kumpigia mkewe simu.

Sheria hiyohiyo inahesabu kazi ya shambani kuwa mchango. Halafu Januari 2023 Mahakama ya Juu ikasema ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali, lazima mchango uthibitishwe. Haya, mchumaji athibitishe na nini? Risiti ya mizani ina namba ya mumewe.

Hazina zenyewe sizikatai. Ya biashara za wanawake iko tangu 2007, Uwezo ikafuata, na Hazina ya Hasla ikazinduliwa Novemba 2022. Lakini hiyo ya mwisho ilianza na mkopo wa 500 hadi 50,000, wa kulipwa ndani ya siku 14. Bonasi ni ya mwaka, jamani.

Kinachofanya kazi nakiona kwa nyumba chache: mume anatenga mashina kadhaa, mke anasajiliwa kwa namba yake, akaunti yake. Kilo zake zinaanza kuwa na historia, na akienda Sacco kuomba mkopo ana karatasi ya kuonyesha. Pia, wakurugenzi wa kiwanda huchaguliwa na wakulima waliosajiliwa. Bila namba, hata hapo humo.

Wengine wanasema ni kuvunja boma. Wazee wetu Wakipsigis waligawia kila nyumba shamba lake na ng'ombe wake, na sijasikia mtu akiita hiyo talaka.

Kwa hivyo mgombea akija kwenu, msimuulize ataleta milioni ngapi. Muulizeni kama ataketi na viwanda ili mke asajiliwe bila kuzungushwa, na kama boma lake mwenyewe lina namba ngapi.