AFYA YA MSAFIRI: HESABU SAA ZAKO KUANZIA MAKUYUNI



Ndugu Muislamu, mzazi wako anapojiandaa kwenda Hijja husikia kwamba Jeddah si mbali. Ni kweli kwa kiasi. Jeddah iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 3,150 angani, na saa za miji hiyo ni sawasawa. Ndege isiyotua njiani huchukua saa nne hadi nne na nusu.

Lakini miguu ya mzee haianzi kuhesabu uwanja wa ndege. Inaanza Makuyuni, anapopanda basi. Kupitia Korogwe na Segera hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 300, saa tano au sita za kukaa. Kisha kuna saa tatu za kusubiri uwanjani, ndege yenyewe, na basi la kwenda Makka, takriban kilomita 80. Jumla ni kama saa 15, na nyingi zinapita akiwa amekaa.

Tatizo ni nini? Damu ya miguuni hurudi juu kwa msaada wa misuli. Mtu akikaa bila kujongea, damu hutuama na inaweza kuganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu, linaweza kuua. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa safari ya kukaa zaidi ya saa nne, iwe ya ndege, basi au gari, huongeza hatari hiyo takriban mara mbili. Kwa mtu mzima wa afya hatari bado ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Huwa kubwa zaidi kwa wanene, wajawazito, waliofanyiwa upasuaji karibuni na waliowahi kuganda damu.

Akina mama, baadhi ya vidonge vya kuzuia hedhi huongeza hatari hii. Msivinunue bila kumwona daktari.

Fanya haya:
- Kila saa, simama utembee kidogo. Ukiwa umekaa, nyanyua visigino, kisha vidole.
- Kunywa maji. Usijinyime kwa kuogopa choo.
- Vaa nguo zisizobana. Soksi maalumu za kubana, uliza daktari. Mwanamume aliye katika ihram amuulize pia sheikh.
- Usimeze aspirini kwa kujiamulia.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa kwenye shavu la mguu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama umesharudi nyumbani wiki kadhaa. Kifua kikibana au pumzi ikikatika ghafla, usisubiri hata kidogo.

Kutawakali hakuondoi wajibu wa kuchukua tahadhari. Allah awajaalie mahujaji wetu Hijja yenye kukubaliwa na awarudishe salama. Amin.